Nusu Bei Hadi Alhamisi

Nakiru mwanangu,

Umepeleka gari kwa fundi akaze nati za magurudumu, nami nimeketi hapa mlangoni kwa sababu ndani hakukaliki kwa joto. Ukirudi utanikuta nimeshakunja karatasi hizi; usiku nitazitia kwenye droo ya vijiko humo garini. Usizisome hapa Lodwar. Zisome kesho ukielekea kazini kusini, ukishapita Kainuk, ukiwa mbali kiasi cha kuona uvivu kugeuza gari.

Sitakuandikia habari za maji ya rejeta wala mtungi wa gesi. Hayo sasa unayajua kuniliko. Nataka kujibu swali lako la jana.

Ulikuwa umekaa hapa hapa, kikombe mkononi, macho kwenye simu. Ukasema, "Mum, hii kadi ya kambi za watalii, nilipie ama niachane nayo?"

Nikasema, "Tutaongea."

"Ni ndio ama la, Mum. Si hesabu ngumu."

Nikainuka nikaenda kuangalia kuku. Najua uliniona. Sikuweza kukujibu kwa ndio wala la, kwa sababu jibu lina watu ndani yake, na mmoja wa watu hao ni wewe ukiwa na miaka minane.

Unakumbuka gari lilivyotufikia, lakini acha nikueleze tena, maana nikikueleza huwa nafupisha. Nilikuwa dereva wa lori la chakula cha wakimbizi Kakuma, kwa shirika moja, mwanamke pekee katika yadi nzima. Baba yako alikuwa Kaaleng na ng'ombe wake na mke wake mwingine, na mimi na wewe tulikuwa tunaishi chumba kimoja karibu na soko. Mkataba ulipoisha hawakuuongeza. Mwezi ule ule wazungu wawili wazee, mume na mke, walikwama nje ya Lodwar na gari lao la kulala ndani. Giaboksi ilikuwa imekufa na mzee mwenyewe alikuwa anaumwa. Walitaka kurudi kwao. Waliniuzia gari kwa bei ya chuma chakavu, na yule mama akanionyesha jinsi ya kukunja kitanda, kuwasha jiko, kufungua dirisha la juu. Alipomaliza alikaa kwenye ngazi ya mlango akalia. Nilimwambia, "Nitalitunza."

Basi nikafungisha giaboksi nyingine kuukuu, nikaanza kubeba wageni. Watafiti wa kwenda ziwani, mapadri, walimu wa chuo, watu wa kupiga picha. Wao walilala kitandani au kwenye mahema yao, mimi na wewe kwenye kiti cha mbele. Wageni wasipokuwepo gari lilikuwa nyumba yetu. Ulijifunza kusoma humo. Mimi nilijifunza humo kwamba mtu anaweza kuona nchi nzima na asiwe na wa kumwambia.

Ila Kakuma tulikuwa naye wa kumwambia. Tulikuwa na Halima.

Sijui unamkumbuka kiasi gani. Alitoka Somalia akiwa na mtoto mgongoni, yule Ifrah wako, na alikuwa na duka la nguo na ua mpana wenye geti la mabati. Nilimjua tangu enzi za lori, siku moja nilipomsaidia kubeba gunia na yeye akakataa niondoke bila chai. Nilipopata gari alisema, "Abaayo, hii nyumba yako ina matairi lakini haina uwanja. Leta hapa." Abaayo kwao ni dada. Nikalileta. Kila tulipopita Kakuma tuliliegesha uani kwake, na hakutaka kusikia habari ya malipo. Wewe na Ifrah mlikuwa mnalala miguu kwa kichwa kwenye mkeka mmoja. Asubuhi kulikuwa na anjera, ile mikate yao laini, na maziwa ya ngamia, na Halima akiniuliza habari za wanaume wote wa barabara ya Kitale kana kwamba nimewaficha mahali.

Kisha nikapata kadi.

Wakati huo haikuwa kwenye simu. Ilikuwa plastiki ya kijani yenye jina langu, na niliuziwa na mwanamke mmoja mwenye kambi ya wageni kule Kitale. Alisema unalipa mara moja kwa mwaka, kisha kila kambi iliyo kwenye orodha inakutoza nusu bei. "Mama, ukilala usiku chache tu imejilipa yenyewe." Nikalipa. Sikuuliza kambi zenyewe ziko wapi. Nilipoisoma orodha garini nikaona karibu zote ziko kusini: Naivasha, Nakuru, Nanyuki. Kwetu ilikuwa moja tu, hapa Lodwar, kando ya mto Turkwel. Kakuma hapakuwa na kitu. Kataboi kule ziwani hapakuwa na kitu. Na chini kwa herufi ndogo: Jumatatu hadi Alhamisi tu, si siku za sikukuu, na si zaidi ya usiku mbili mfululizo.

Ningeweza kurudi nikamrudishia kadi yake siku ile ile. Nataka nikwambie kwa nini sikurudi. Jina langu lilikuwa limeandikwa vizuri. Mimi niliyezaliwa Nakalale, niliyelala chini ya malori ya watu, nilikuwa mwanachama. Nikifika getini nikiitoa, askari anasema "Karibu madam" na kufungua. Hakuna mahali pengine duniani nilipokuwa naitwa madam. Niliipenda kadi ile, Nakiru, kama mtu anavyopenda barua.

Na haikuwa bure. Sitaki uchukie kitu kwa sababu ya makosa yangu. Ile miaka miwili tuliyofanya kazi zaidi kusini, kadi ilitufaa kweli. Mwanamke peke yake na mtoto wa kike, nimeegesha kwenye vituo vya mafuta nikagongewa mlango na watu nisiowajua. Kambi zile zilikuwa na ukuta na bafu lenye maji ya moto. Ulipougua malaria Naivasha tulikaa wiki nzima, na mwenye kambi akajifanya amesahau kanuni ya usiku mbili. Mkewe alikuletea uji kila asubuhi, akikaa na wewe mimi nikienda kutafuta dawa. Kwa hiyo kadi ilituletea watu wema pia. Hilo liandike upande wake.

Shida ilianza tuliporudi kaskazini nami nikaendelea kuitii. Wageni wangesema, "Tulale hapa Kataboi, wavuvi wametukaribisha," nami nasema hapana, naendesha mchana kutwa nirudi kulala Lodwar penye nusu bei, nimechoma dizeli kuliko nilichookoa. Tukifika, wanachama tunapewa kule nyuma, kati ya jenereta na vyoo, kwa sababu mwenye kambi anataka sehemu nzuri apewe anayelipa yote. Nililala karibu na ile jenereta nikijiambia nimepata faida.

Na Kakuma nikaanza kuharakisha. Tulikuwa tunashusha wageni, tunamsalimu Halima tukiwa tumesimama, tunaondoka. Alikuwa anasema, "Wewe siku hizi unakuja kama mtu wa kusoma mita." Alikuwa anacheka akisema hivyo. Mara ya pili hakucheka.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi. Tulifika kwa Halima saa nane mchana, nimewashusha wageni wangu kambini, namaanisha kambi ya wakimbizi, si ya watalii. Wewe na Ifrah mlianza kukimbizana uani, ukaigonga ile chupa yake ya chai, ile nyekundu kubwa, ikaanguka ikavunjika ndani. Ulisimama ukimtazama Halima. Halima aliokota akaitikisa, akasikia vioo vinavyolia, akasema, "Sasa imekuwa kayamba. Chukua, cheza." Akakupa. Ukacheka. Nataka uisome hiyo mara mbili, mwanangu. Alikupa mwenyewe ucheze.

Kisha akaniambia, "Kaa leo. Nimeweka mchele, nyama iko njiani. Kuna habari nataka kukwambia, lakini si ya kusema mtu akiwa ameshika funguo za gari."

Nilikuwa nimeshika funguo kweli. Nikamwambia, "Abaayo, leo Alhamisi. Kesho kadi haifanyi kazi."

"Kadi gani?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na hapa kwangu unalipa ngapi?"

Nikaona haya, na haya yakanifanya mkali. Nikasema siwezi kuwa mgeni wa mtu siku zote, na mimi nina utaratibu wangu. Yeye akasema tu, "Mgeni?" Mimi nikakuita upande garini. Alitufuata hadi getini. Akasema kwa juu, milimani, kuna mawingu, na lagani, ule mto mkavu wa njiani, maji yanaweza kuteremka. Nikasema habari utaniambia safari ijayo. Nakumbuka mkono wake juu ya bati la geti, na wewe unampungia kwa dirisha.

Barabara ile haikuwa na lami wakati huo, na ilikuwa na majambazi. Nilikuendesha humo mchana unaisha, bila msafara, kwa ajili ya nusu bei. Na laga, ule mto tunaouvuka kila siku bila hata kubadilisha gia, ulikuwa umejaa. Maji mekundu yamebeba miti. Tulikaa upande wa kule peke yetu hadi kukapambazuka na maji yakapungua. Hukulia. Ulikuwa unatikisa ile chupa polepole, mpaka nikakwambia uache.

Tulifika hapa Lodwar Ijumaa asubuhi, gari limejaa matope. Mlinzi akaitazama kadi, akasema, "Leo ni Ijumaa, madam." Nikalipa bei yote.

Baada ya hapo nilipata kazi ya miezi miwili kusini. Tuliporudi Kakuma nilikuwa nimenunua chupa mpya ya chai ya kumpelekea Halima, na nilikuwa nimepanga kulala kwake siku tatu. Getini akatokea mwanamume Mkongo mwenye tepu ya kupimia nguo shingoni. Akasema, "Mama Halima alishaenda, yeye na mtoto. Ana wiki mbili. Walimuitaka kwa ndege, Ulaya kule." Kisha akatazama gari. "Ni wewe Mama Nakiru? Alikuwa anakuulizaka kila siku. Anasema gari yako itakuja."

Hiyo ndiyo habari iliyokuwa. Alikuwa ameshapewa tarehe ya kuhamishiwa Ulaya, na alitaka jioni moja ya kuniaga. Nilipiga namba yake pale pale kwa simu ya huyo Mkongo, maana wakati huo sikuwa na simu yangu, haikuwa hewani. Sikuipata tena.

Wewe ulikuwa umeshuka umesimama nyuma yangu. Ukaniuliza, "Wameondoka kwa sababu nilivunja chupa?"

Mlango ulikuwa wazi wa kusema ukweli, ni maneno mawili tu. Sikusema hata moja. Nikasema, "Twende."

Na ningekuwa nimeishia hapo ningekuwa nimenyamaza tu. Lakini baadaye, labda mwaka ulikuwa umepita, ulivunja sahani ya mgeni mmoja nami nilikuwa nimechoka. Nikakwambia, "Unaona? Ndiyo maana watu wanatuchoka. Halima alichoka na mtoto wa kuvunja vitu." Nilisema hivyo. Nilikuwa nimebeba kosa langu mwaka mzima, nikaona mahali pa kulitua, nikalitua juu yako.

Ulikusanya vipande. Na tangu siku hiyo, Nakiru, nimekuona. Ukienda kwa watu unasimama mlangoni mpaka wakuambie mara tatu uingie. Unakunywa chai ukiwa umeshika kikombe kwa mikono miwili. Rafiki yako wa sekondari alipokualika kwao likizo ulisema una kazi, na hukuwa na kazi. Wiki iliyopita jirani alikutumia sahani ya githeri, ukala haraka ukaiosha ukaikimbiza kwake kabla hata hajamaliza kula yake. Alinichekea, akasema mtoto wako ana adabu. Nikaitikia. Si adabu. Ni mimi.

Chupa haikumfukuza mtu. Halima hakukuchoka hata siku moja. Aliyekimbia nyumba yake ni mimi, na nilikimbia kwa sababu ya kadi, na kadi ilikuwa kisingizio. Nilikuwa nimechoka kupokea. Ukiwa huna kitu, kila unachopewa kinakuuma kidogo, hata ukipewa kwa upendo, na ile kadi iliniruhusu kulipa mahali nikaonekana mtu. Sikujua kwamba nikilipa huko napungua hapa.

Sasa swali lako. Chukua kadi, lakini kwa mwaka huu mmoja. Utakuwa Nanyuki na Naivasha, peke yako, na kambi zao nyingi ziko kwenye njia utakayopita hata bila kadi. Usihesabu kambi zilizoko kwenye orodha. Hesabu zile ambazo ungelala hata kama usingepewa punguzo, na siku ambazo utakuwa na nafasi kweli, maana wageni wako watataka Ijumaa na Jumamosi kama wageni wote. Piga simu kwanza uulize kama wanachama wanawekwa nyuma. Kazi ikikurudisha huku kwetu, usiilipie tena. Ndiyo yote ninayojua juu ya kadi, na ningeweza kukwambia jana kabla chai haijapoa.

Kuna jambo moja zaidi. Mwezi uliopita nilikuwa sokoni, kwa Bashir, yule msafirishaji Msomali mwenye malori mawili. Alikuwa anaongea na simu kwa sauti kubwa, nikasikia jina la baba yake Halima, jina ambalo si la watu wengi. Nikamuuliza. Kumbe ni wa ukoo wao. Akanipa namba ya Halima. Nilikaa nayo karibu wiki tatu. Nilikuwa naipiga, nakata kabla haijalia.

Juzi ulipokuwa umelala mchana nikaiacha ilie. Akaitika kwa lugha yao. Nikasema, "Ni mimi, Mama Nakiru." Akasema, "Ulivuka laga siku ile?"

Nikasema, "Nilivuka asubuhi yake."

Akaanza kulia. Alisema kesho yake watu walileta habari kwamba kuna gari limechukuliwa na maji, na hakuna aliyejua ni gari gani. Alituma watu waulize. Wakamwambia limeonekana gari kama langu Lodwar, lakini hawakuwa na hakika. Akaondoka hivyo. Miaka yote hii, Nakiru, ambayo mimi nilidhani ameninunia, au amenisahau, yeye alikuwa hajui kama tuko hai. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani anajiuliza kama nimefika.

Aliponyamaza akauliza, "Na mtoto wangu?" Nikamwambia una miaka ishirini na minne, unaendesha gari kuniliko, unaondoka wiki hii. Akasema Ifrah ni muuguzi, na ana binti. Akasema nikupe simu. Nikamwambia umelala. Hukuwa umelala, ulikuwa umeshaamka, nilikuwa nasikia unatandika. Niliogopa kwamba utamuomba msamaha wa chupa, naye atashangaa, na nyote wawili mtageuka kunitazama.

Kesho ukiondoka nyumba hii itakuwa na ukimya ambao sijawahi kuishi nao, maana hata tulipokuwa hatuongei kulikuwa na wewe unageuka usingizini. Nimelala miaka mingi kwenye kitu kinachoweza kuondoka wakati wowote. Sasa kinaondoka na mimi nimebaki nje yake. Sikuandiki hivi ili urudi. Nimekwambia kwa sababu nimechoka kuficha vitu.

Namba ya Halima nimeiandika kwenye karatasi ya mwisho. Simamisha gari mahali salama, upige. Anangoja. Kuhusu chupa sikumwambia kitu, wala nilichokwambia wewe sikumwambia. Mwambie au usimwambie, ni lako kuamua. Ukimwambia, sitakuuliza alijibu nini.

Mama yako,
Esinyen